Jinsi ya Kuhesabu Gridi za Sifuri na Moja Zenye Masharti ya Ujirani

Chukua ubao wa bao la kete, wenye mashimo 32 yaliyochongwa katika safumlalo 4 za mashimo 8 kila moja. Ziweke kando kwa muda sheria za mchezo wenyewe, ujiulize swali moja tu. Ikiwa kila shimo ama litakuwa na kete moja ama litakuwa tupu, kuna mipangilio mingapi ambayo ndani yake hakuna mashimo mawili yanayopakana, kwa ubavu au kwa juu na chini, yakiwa yote mawili na kete?

Shimo lenye kete tuliandike 1, na shimo tupu tuliandike 0, na hapo ubao unageuka kuwa gridi ya binari ya 4 kwa 8 yenye sharti la ujirani. Bila sharti lolote, gridi hiyo ina mipangilio 4,294,967,296, yaani 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 32. Mtu atakayekagua mipangilio 1,000 kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, atahitaji karibu siku 50 kuimaliza. Kwa njia ninayoieleza hapa, jibu linapatikana kwa penseli na karatasi moja, tena katika kikao kimoja, na hakuna hatua inayohitaji zaidi ya kujumlisha. Ni njia ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aifanye kwa mkono wake angalau mara moja kabla ya kuiachia kompyuta, kwa sababu anayeifanya kwa mkono huona kwa macho yake kwa nini inafanya kazi.

Hatua ya kwanza: litamke sharti lote

Makosa mengi katika hesabu za namna hii huanza kabla ya tarakimu ya kwanza kuandikwa, pale ambapo neno "jirani" linaachwa bila kufafanuliwa. Jiulize kama mashimo yanayogusana kwa mshazari, pembe kwa pembe, ni majirani. Jiulize kama ukingo wa kulia unaungana na ukingo wa kushoto, au gridi inaishia hapo. Jiulize pia kama mpangilio ukigeuzwa juu chini unahesabiwa kuwa ni ule ule au ni mwingine. Katika swali letu mshazari hauhesabiwi kuwa ujirani, kingo haziungani, na kila mpangilio ni wa peke yake hata kama ni taswira ya mwingine.

Kisha lijaribu sharti hilo kwenye gridi ndogo kabisa ambayo unaweza kuimaliza kwa macho. Gridi ya 2 kwa 2 ina mipangilio 16. Inayotimiza sharti ni ile iliyo tupu yote, minne yenye kete moja moja, na miwili yenye kete mbili zilizokaa kimshazari. Jumla ni 7. Iandike namba hiyo pembeni mwa karatasi, kwa maana itakuwa shahidi wako baadaye.

Hatua ya pili: orodhesha ruwaza za safuwima moja

Usiutazame ubao wote. Tazama safuwima moja tu, yenye mashimo 4 kutoka juu hadi chini, na uandike ruwaza zote ambazo hazina 1 mbili zinazofuatana. Ziko 8: 0000, 1000, 0100, 0010, 0001, 1010, 1001 na 0101.

Namba hiyo 8 haikuja kwa bahati. Safuwima ya shimo 1 ina ruwaza 2, ya mashimo 2 ina 3, ya mashimo 3 ina 5, ya mashimo 4 ina 8, ya mashimo 5 ina 13, na kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Sababu yake ni nyepesi kueleza: ruwaza ikianza na 0, mashimo yanayobaki yako huru kufuata sharti lile lile, ikianza na 1, shimo linalofuata limekwisha kulazimishwa kuwa 0, kwa hiyo uhuru unabaki kwa mashimo yanayofuata baada ya hayo mawili. Wengi huziita namba hizi kwa jina la Fibonacci, yule Leonardo wa Pisa aliyeziandika mwaka 1202, lakini wanazuoni wa arudhi wa India walikuwa wamezifikia kabla yake, na Hemachandra alizieleza yapata mwaka 1150 alipokuwa akihesabu namna za kuupanga mshororo kwa silabi fupi zenye pigo moja na silabi ndefu zenye mapigo mawili. Ni hesabu ile ile yetu: 0 ni silabi fupi, na 1 pamoja na 0 inayoifuata kwa lazima ni silabi ndefu. Msomaji aliyezoea kuhesabu mizani ya shairi hatashangaa kwamba kazi hii ilianzia kwa watu wa ushairi.

Hatua ya tatu: amua nani anaweza kukaa karibu na nani

Sasa zichukue ruwaza zako 8, na kwa kila moja uandike ruwaza zinazoweza kuwa safuwima ya pembeni yake. Kipimo ni kimoja: ruwaza mbili zinapatana kama hakuna safumlalo ambamo zote mbili zina 1. Tuchukue 1000 kwa mfano. Inapatana na 0000, 0100, 0010, 0001 na 0101, na haipatani na 1000, 1010 wala 1001, kwa kuwa hizi tatu zina kete juu kabisa kama yenyewe. Ruwaza 0000 inapatana na zote 8, ikiwa ni pamoja na yenyewe.

Fanya hivyo kwa ruwaza zote, kisha uhesabu mapatano uliyoyapata. Yanapaswa kuwa 41. Yakiwa 40 au 42, rudi uangalie, usiendelee mbele. Tutaona punde kwamba hiyo 41 nayo ni shahidi.

Kabla ya kuanza kujumlisha, punguza kazi kwa kutumia ulinganifu wa juu na chini. Ruwaza 1000 ikigeuzwa inakuwa 0001, kwa hiyo hesabu zao zitakuwa sawa daima, na hakuna haja ya kuzifanya mara mbili. Tunabaki na makundi matano ambayo nayapa herufi ili yakumbukike. T ni tupu, 0000. P ni kete moja pembeni, 1000 au 0001. K ni kete moja kati, 0100 au 0010. R ni kete mbili zinazoruka shimo, 1010 au 0101. N ni kete kwenye ncha zote mbili, 1001. Makundi P, K na R yana ruwaza mbili mbili. T na N yana moja moja.

Hatua ya nne: tembea safuwima kwa safuwima

Hapa ndipo ulipo moyo wa njia yote. Kwa kila ruwaza tunaweka namba moja, ambayo ni idadi ya namna za kujaza ubao kuanzia kushoto hadi safuwima tuliyopo, ikiwa safuwima hiyo ya mwisho ina ruwaza hiyo. Ukitaka kuongeza safuwima mpya, huna haja ya kukumbuka yote yaliyotokea huko nyuma, kwa sababu sharti letu halivuki jirani wa karibu: safuwima ya tatu haina la kusema na ya kwanza. Inatosha kujua safuwima ya mwisho ilikuwaje. Namba mpya ya ruwaza fulani ni jumla ya namba za zamani za ruwaza zote zinazopatana nayo.

Kwa makundi yetu matano, kanuni za kujumlisha ni hizi, na upande wa kulia daima ni namba za safuwima iliyotangulia:

T mpya = T + 2P + 2K + 2R + N
P mpya = T + P + 2K + R
K mpya = T + 2P + K + R + N
R mpya = T + P + K + R
N mpya = T + 2K

Jumla ya mipangilio yote hadi safuwima hiyo ni T + 2P + 2K + 2R + N, ambayo ndiyo T ya safuwima inayofuata. Hilo nalo lina maana yake: safuwima tupu haimkatazi yeyote, hivyo inapokea wote waliotangulia.

Tufanye hatua moja polepole. Katika safuwima ya pili, T ni 8, P ni 5, K ni 6, R ni 4 na N ni 3. Tunataka P ya safuwima ya tatu, yaani idadi ya namna za kufikia 1000. Wanaoruhusiwa kutangulia ni 0000 yenye namna 8, 0100 yenye 6, 0010 yenye 6, 0001 yenye 5 na 0101 yenye 4. Jumla yake ni 29, na hiyo ndiyo P mpya. Hakuna lililofichika zaidi ya hapo. Zingine zote zinafanywa vivyo hivyo, na ukizimaliza utapata jedwali hili:

| Safuwima | T | P | K | R | N | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 1 | 1 | 1 | 1 | 1 | 8 |
| 2 | 8 | 5 | 6 | 4 | 3 | 41 |
| 3 | 41 | 29 | 31 | 23 | 20 | 227 |
| 4 | 227 | 155 | 173 | 124 | 103 | 1,234 |
| 5 | 1,234 | 852 | 937 | 679 | 573 | 6,743 |
| 6 | 6,743 | 4,639 | 5,127 | 3,702 | 3,108 | 36,787 |
| 7 | 36,787 | 25,338 | 27,958 | 20,211 | 16,997 | 200,798 |
| 8 | 200,798 | 138,252 | 152,629 | 110,294 | 92,703 | 1,095,851 |

Jibu la swali la ubao wetu ni 1,095,851. Kwa maneno mengine, ukiyajaza mashimo kwa kubahatisha, kila shimo likipewa kete au likiachwa tupu kwa nafasi sawa, utatimiza sharti takriban mara moja katika kila majaribio 3,919.

Hatua ya tano: hakiki kwa kuugeuza ubao

Namba ikishapatikana, isiaminiwe mpaka imeshuhudiwa na njia nyingine. Ushahidi ulio bora ni kuigeuza gridi kwa robo duara, kwa kuwa gridi ya 4 kwa 2 na ya 2 kwa 4 ni kitu kimoja kilicholazwa tofauti, na lazima zitoe jibu moja ingawa hesabu zake hazifanani hata kidogo. Kwa gridi yenye safumlalo 2, ruwaza za safuwima ni tatu tu: 00, 10 na 01. Jumla zake zinakuwa 3, 7, 17, 41, na kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia ukiongeza iliyo nyuma ya hiyo. Pale kwenye 7 unakutana na shahidi wetu wa mwanzo, na kwenye 41 unakutana na jumla ya safuwima ya pili katika jedwali. Vilevile gridi yenye safumlalo 3 inatoa 5, 17, 63, 227, na 227 ndiyo jumla yetu ya safuwima ya tatu.

Nimewahi kuandika N mpya kuwa T + 2K + P, nikidhani kwamba 1001 inaweza kukaa karibu na mojawapo ya ruwaza za pembeni. Haiwezi, kwa kuwa ina kete juu na chini pia. Kosa hilo lingeniletea 42 badala ya 41 katika safuwima ya pili, na kama nisingekuwa na namba ya kulinganisha ningelibeba hadi safuwima ya nane likiwa limekwisha kuvimba kiasi cha kutotambulika. Kwa hiyo nasisitiza: hakiki mapema, kwenye namba ndogo.

Ile 41 ya mapatano katika hatua ya tatu sasa inaeleweka pia. Kila jozi ya ruwaza zinazopatana ni gridi moja halali ya safuwima 2, kwa hiyo idadi ya mapatano na idadi ya gridi za 4 kwa 2 ni namba moja.

Sharti likibadilika

Uzuri wa njia hii ni kwamba sharti likibadilika, kinachobadilika ni orodha ya mapatano tu. Mwendo unabaki ule ule. Tuseme mshazari nao ni ujirani, kama mfalme wa sataranji anavyotishia miraba yote inayomzunguka. Ruwaza zinabaki 8, lakini sasa 1000 inapatana na 0000, 0010 na 0001 pekee, 0100 inapatana na 0000 na 0001 pekee, na ruwaza zenye kete mbili hazipatani na yeyote isipokuwa 0000. Kanuni zinakuwa fupi: P mpya = T + K + P, K mpya = T + P, R mpya = T, N mpya = T, na T mpya ni jumla yote kama kawaida. Jumla za safuwima zinakuwa 8, 21, 93, 314, 1,213, 4,375, 16,334 na 59,925. Kukataza mshazari kumeipunguza idadi kwa zaidi ya mara 18.

Mabadiliko yanayohitaji uangalifu zaidi ni ya gridi inayojizungusha. Katika bao, mchezaji anayetembeza kete huzunguka mashimo yake 16, kutoka safumlalo ya mbele kwenda ya nyuma na kurudi, kwa hiyo kwa mwendo wa kete mashimo hayo ni duara, na shimo la mwisho ni jirani wa la kwanza. Katika mstari wa mashimo 16 usio na duara, idadi ya mipangilio isiyo na 1 mbili zinazofuatana ni 2,584. Kwa duara huwezi kuitumia namba hiyo, kwa sababu ndani yake mna mipangilio yenye 1 mwanzoni na 1 mwishoni. Dawa yake ni kulishika shimo moja na kugawa kesi. Likiwa tupu, yaliyobaki ni mstari wa mashimo 15, wenye namna 1,597. Likiwa na kete, majirani wake wawili lazima wawe tupu, na kinachobaki ni mstari wa mashimo 13, wenye namna 610. Jumla ni 2,207. Kwa gridi pana utafanya hivyo hivyo: shika ruwaza ya safuwima ya kwanza, tembea hadi mwisho, kisha uhesabu zile tu ambazo safuwima yake ya mwisho inapatana na ile uliyoishika, na urudie kwa kila ruwaza ya kuanzia.

Yako pia masharti yanayovuka jirani mmoja, kwa mfano "pasiwe na 1 tatu mfululizo". Hapo kukumbuka shimo la mwisho pekee hakutoshi. Lazima ukumbuke ni 1 ngapi zimefuatana hadi ulipofika, yaani hakuna, moja, au mbili. Katika mstari mmoja, hesabu inakuwa 2, 4, 7, 13, 24, 44, 81, 149, kila namba ikiwa jumla ya tatu zilizotangulia. Katika gridi, sharti la aina hiyo linakulazimisha kubeba habari za safuwima mbili za mwisho badala ya moja. Anayepata majibu yasiyolingana na gridi ndogo alizozihesabu kwa macho, mara nyingi tatizo lake ni hili: hali aliyoichagua haibebi kila ambacho safuwima inayofuata inahitaji kujua.

Gridi zikiwa kubwa

Gridi ya 8 kwa 8, ukubwa wa ubao wa sataranji, ina ruwaza 55 na mapatano 1,393 kwa kila safuwima. Kwa mkono ni mateso, kwa kompyuta ni kazi ya kufumba na kufumbua, na jibu ni 660,647,962,955. Katika programu, kila ruwaza huandikwa kama namba kamili ambayo biti zake, yaani tarakimu zake za 0 na 1, ndizo mashimo, na upatanifu hupimwa kwa operesheni moja ya "na" kwa biti: matokeo yakiwa 0, zinapatana.

Jihadhari na ukubwa wa namba. Jibu la 10 kwa 10 ni 2,030,049,051,145,980,050, ambalo bado linaingia katika namba kamili ya biti 64. La 11 kwa 11 haliingii, na programu isiyotahadharishwa itatoa namba ya uongo bila kulalamika. Tumia lugha yenye namba kamili zisizo na kikomo, au hesabu kwa mabaki ya mgawanyo wa namba tasa kadhaa.

Gridi ikifika safumlalo 20, ruwaza ni 17,711 lakini mapatano ni 54,608,393 kwa kila safuwima, na hapo ni bora kuacha kuongeza safuwima nzima kwa mara moja. Ongeza shimo moja moja, ukishuka kutoka juu hadi chini, huku ukikumbuka mashimo 20 ya mwisho tu uliyoyajaza. Shimo jipya linawauliza majirani wawili tu, wa juu yake na wa kushoto kwake, na wote wawili wamo katika kumbukumbu hiyo. Hatua zinashuka chini ya milioni moja kwa kila safuwima.

Na kama unachohitaji ni makadirio, kuna namba moja ya kukumbuka. Katika safumlalo 4, jumla ya safuwima ya nane ukiigawa kwa ya saba unapata karibu 5.457. Katika safumlalo 3, jumla hizo ni 39,561 na 10,897, na mgawanyo wake ni karibu 3.630. Gawanya 5.457 kwa 3.630, nawe unapata 1.503. Hiyo ndiyo thamani ambayo kila shimo jipya linaizidishia idadi ya mipangilio gridi inapokuwa kubwa sana. Thamani yake sahihi zaidi ni 1.5030480824. Wanafizikia wanaijua vizuri, kwa kuwa gridi hizi ni mfano wao wa chembe ambazo haziwezi kukaa mbili pamoja. Mwaka 1980 mwanafizikia Rodney Baxter alipata fomula kamili ya mfano kama huo kwenye kimia ambamo kila nafasi ina majirani sita. Kwa kimia cha miraba, chenye majirani wanne kama ubao wetu wa bao, fomula kama hiyo haijapatikana, na tarakimu tulizonazo za 1.503 zimetokana na hesabu za namba, si na fomula.